Waliohesabu Maji ya Tambi

Nakiri mapema kabla hamjanisuta: mimi ni mgonjwa wa michezo ya vita ya ubao. Sizungumzii drafti ya vizibo vya soda pale kijiweni, ingawa nayo naipenda. Nazungumzia ile inayokuja ndani ya boksi zito, yenye ramani ya kutandikwa meza nzima, kete za karatasi ngumu mia na ushee, kadi, dadu, na kitabu cha kanuni ambacho ukikisoma kitandani unaota ibara ndogo za kifungu cha tisa. Mchezo mmoja unaanza asubuhi baada ya chai na kwisha usiku wa manane. Ukikwisha. Mara nyingi haukwishi. Unafunikwa na shuka, watu wanaonywa wasiguse, na familia inakula mkekani mpaka Jumamosi nyingine.

Kwetu meza hiyo ni ya chakula na mwenye nayo ni bibi yangu. Alituruhusu kwa sharti moja: wageni wakija, vita iondoke.

Jumamosi moja mimi na mshikaji wangu, mwalimu wa hesabu wa sekondari, tulikuwa tumezama katika Paths of Glory, mchezo wa Vita Kuu ya Kwanza uliobuniwa na Ted Raicer na kutoka mwaka 1999. Kadi 110, zamu 20, kuanzia Agosti 1914 hadi mwisho wa vita. Yeye alishika Ujerumani na wenzake, mimi nikashika Uingereza, Ufaransa na Urusi. Tulikuwa tumefika 1916, saa ya sita tangu tukae, umeme umekatika, tunatumia taa ya chaji. Bibi akapita na kikombe chake cha chai ya rangi, akasimama.

"Vita gani hiyo?"

"Ile ya kwanza, bibi. Ya Mjerumani na Mwingereza."

Akavuta kiti, akavaa miwani, akainamia ramani. "Haya. Sisi tuko wapi?"

Nikaanza kutafuta kwa kidole kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Paris ipo. Berlin ipo. Baghdad ipo. Misri ipo. Chini ya Misri ramani imekwisha. Kinachofuata ni ubao wa meza na alama ya moto ya sufuria la pilau.

"Basi hiyo siyo vita aliyokwenda babu yangu," akasema bibi. Akanyanyuka, akaenda zake jikoni.

Mshikaji wangu akacheka. Mimi nilicheka pia, kwa heshima ya mgeni. Ila tangu siku hiyo sikuweza kuicheza ramani ile vilevile, na leo nataka kugombana na makundi mawili ya watu. Kaeni vizuri.

Kundi la kwanza: "mnacheza vita vya wazungu"

Hawa ni wale wanaopita sebuleni, wanaona watu wazima wenye ndevu wanahamisha vipande vya karatasi, wanasema: "Nyie hamna kazi?" Msomi kidogo anaongeza: "Hiyo ni kasumba. Mwafrika gani anakaa saa kumi anacheza vita?"

Mwafrika gani? Nenda Zanzibar jioni ukatazame bao. Mashimo 32, kete 64, kuna nyumba, kuna namua, kuna mtaji, kuna kuteka kete za mwenzio na kuzipanda kwako. Mwalimu Nyerere alikuwa akicheza bao, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama hana kazi. Wazee wetu wamekaa vibarazani miaka nenda rudi wakipanga, wakitega, wakitekana, huku wakisemana maneno makali kuliko risasi. Kukaa muda mrefu juu ya ubao ukifikiri namna ya kumshinda mwenzako si jambo tuliloletewa na meli. Kwa hiyo kasumba mkaitafute kwingine.

Halafu kuna hili la maana zaidi. Mimi nimesoma historia shuleni kama ninyi. Nilikariri: vita ilianza 1914, ikaisha 1918, sababu zake tano, matokeo yake sita, nikajibu mtihani, nikasahau. Kitabu kinakuruhusu kuruka ukurasa. Ubao haukuruhusu. Ukitaka kupeleka jeshi mahali, lazima useme ni jeshi gani, linapita wapi, linakula nini na likifika litakuwa limechoka kiasi gani. Unalazimika kuamua, na ukiamua vibaya unakaa nayo saa nne zinazofuata. Ndiyo maana naipenda michezo hii na sitaiacha.

Lakini ndiyo maana pia nina ugomvi nayo. Kama ubao unafundisha kwa kukulazimisha kuhesabu, basi kisichohesabiwa kwenye ubao unafundishwa kwamba hakikuwepo.

Kundi la pili: wenzangu

Sasa nawageukia ndugu zangu wa ramani na dadu. Kwenye meza zote nilizowahi kukalia mimi, chakula na risasi za jeshi ni mstari. Unaangalia kama kikosi kinaweza kuvuta mstari wa kufikirika kutoka kilipo mpaka kwenye chanzo chake bila adui kuukata. Ukipita, kikosi "kimepata mahitaji". Usipopita, kinanyauka. Basi. Mstari hauna miguu. Mstari haukohoi. Mstari haukuacha mtoto wa miaka mitano nyumbani.

Nikimwambia mshikaji wangu haya, yeye ananipa hoja nzuri, na mimi si mtu wa kuficha hoja nzuri ya mpinzani. Anasema: "Kila mchezo unapunguza. Usipopunguza, mchezo wa miaka minne utachukua miaka minne. Ramani isiyoacha kitu ni nchi yenyewe." Kweli kabisa. Sina ubishi.

Ila hebu tutazame wenzetu hawa wanapunguza nini na wanaacha nini. Mwaka 1979 kampuni ya Marekani iitwayo SPI ilitoa mchezo wa Richard Berg, The Campaign for North Africa, kuhusu vita ya jangwani Libya na Misri katika Vita Kuu ya Pili. Ni maarufu kwa sababu moja: urefu. Unahitaji watu kumi na takriban saa 1,500. Mkikutana saa tatu kila wiki bila kukosa msiba wala harusi, mtamaliza baada ya miaka karibu kumi. Mchezo huo unahesabu hadi mafuta yanayopotea madebeni kwa joto la jua. Na umo ndani yake kanuni ambayo wapenzi wa michezo hii duniani kote wanaijua: wanajeshi wa Italia wapewe maji ya ziada ili wachemshe tambi. Wakikosa, nidhamu inaweza kuporomoka.

Berg mwenyewe alikuja kusema kwamba ile kanuni ya tambi ilikuwa utani. Sawa, tumecheka. Lakini mafuta ya madebeni hayakuwa utani. Maana yake ni nini? Ni kwamba watu wa fani hii wakitaka kuhesabu kitu, wanahesabu. Hawana tatizo la uvivu. Mtu anayeweza kukaa chini akahesabu tone la petroli lililoruka hewani Tobruk mwaka 1941, asiniambie kwamba mabega ya watu laki kadhaa ni "maelezo madogo madogo".

Kopo la maharage

Maneno matupu hayavunji mfupa, kwa hiyo tukatengeneza mchezo wetu. Tulichukua boksi la televisheni, tukalipasua, tukachora Afrika Mashariki ya 1914: Reli ya Usambara kutoka Tanga kwenda Moshi, Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma, Rufiji, Ruvuma, Kilimanjaro. Vizibo vya soda vikawa vikosi. Na kwa ajili ya wapagazi tukaenda jikoni kuomba maharage. Harage moja, watu mia moja.

Kanuni ya wapagazi tuliandika mistari mitatu tu, maana mwenzangu ni mwalimu wa hesabu na anachukia maneno mengi. Mpagazi anabeba takriban kilo 25. Anakula takriban kilo moja kwa siku. Na kile anachokula kinatoka kwenye mzigo wake, maana porini hakuna duka.

Sasa fuateni hesabu, ni rahisi kuliko ya darasa la saba. Una askari 1,000 wanaohitaji kilo moja ya chakula kila mmoja kwa siku. Wako mwendo wa siku tano kutoka kwenye reli. Mpagazi akienda siku tano na kurudi siku tano, amekula kilo kumi, amefikisha 15. Ili kilo 1,000 zifike kila siku unahitaji watu kama 67 waondoke kila asubuhi, na kwa kuwa kila mmoja yuko njiani siku kumi, una watu karibu 670 barabarani muda wote. Maharage saba. Haidhuru.

Jeshi likisonga mbele hadi mwendo wa siku kumi, mpagazi anakula kilo 20 na kufikisha tano. Watu 200 waondoke kila siku, kila mmoja njiani siku 20. Wapagazi 4,000 kwa askari 1,000. Maharage arobaini.

Siku kumi na mbili: anakula 24, anafikisha kilo moja. Watu 24,000. Maharage 240, kwa ajili ya chakula tu cha askari elfu moja. Bado hatujabeba risasi moja, hema, mzinga, wala kiti cha kukunja cha afisa. Zikipita siku kumi na mbili na nusu, mpagazi anakula mzigo wote njiani na anarudi mikono mitupu. Hesabu imekufa.

Mshikaji wangu aliweka kalamu chini. "Haiwezekani," akasema. "Walipiganaje miaka minne?"

Ehee. Hapo ndipo mchezo ulipoanza kufundisha.

Mtasema, kwa nini wasitumie wanyama? Walijaribu. Mbung'o aliwamaliza. Jenerali Smuts alipochukua uongozi wa majeshi ya Uingereza Februari 1916 alikuja na farasi wengi, na kikosi cha van Deventer kilifika Kondoa Irangi Aprili mwaka huohuo huku farasi wakiwa wanaanguka njiani. Mvua ikanyesha, magari yakazama kwenye tope, jeshi likakwama kule na njaa. Kila walipopata reli walitumia reli, kila walipopata barabara kavu walitumia magari, wakaweka maghala ya njiani. Palipobaki, na palibaki pakubwa, akapita mtu na mzigo.

Na pale hesabu ilipokufa kabisa, jeshi lilikula ghala la mwanakijiji. Hapakuwa na njia ya tatu. Pande zote mbili zilifanya hivyo. Ndiyo maana Ugogo, nchi iliyopitiwa na majeshi yote, ikanyang'anywa nafaka, ng'ombe na vijana wa kulima, kisha mvua ikakata, ikaja njaa ambayo Wagogo waliipa jina Mtunya. Ni kuanzia 1917 hadi 1920. Wanahistoria hukadiria kwamba watu wapatao 30,000 walikufa. Hawakuwa askari, hawakuwa wapagazi, hawakuwa hata kwenye vita. Walikuwa kwenye mstari wa mahitaji.

"Punguza maharage"

Tulicheza Jumamosi nne. Yeye Smuts, mimi Paul von Lettow-Vorbeck. Nitawasimulia mambo mawili, moja la aibu yake na moja la aibu yangu.

La kwake: Jumamosi ya tatu, akinifukuza kuelekea Rufiji, alikuwa anahamisha maharage mkono mmoja huku mkono wa pili unaandika hesabu. Kila zamu tulirusha dadu za maradhi. Kuhara damu, malaria, homa ya mapafu. Kila zamu maharage yanatoka ubaoni yanaingia kwenye bakuli. Mwisho akachoka. Akasema: "Bwana, mchezo umekuwa mzito. Tupunguze maharage, tuingie kwenye mapigano."

Alikuwa hana ubaya. Ni mtu mwema, anafundisha watoto wa watu kwa mshahara ambao nisiutaje. Lakini sikilizeni sentensi hiyo tena. Tupunguze maharage, tuingie kwenye mapigano. Hivyo hasa ndivyo vita hii ilivyokuja kusimuliwa. Tunasimuliwa Tanga, Novemba 1914, Waingereza kama 8,000 waliotoka India wakatimuliwa na jeshi la Wajerumani la watu kama 1,000, na nyuki wakaingilia. Kisa kitamu. Tunasimuliwa meli Königsberg iliyojificha Rufiji mpaka ikazamishwa Julai 1915. Tunasimuliwa Mahiwa, Oktoba 1917. Yote kweli yametokea. Lakini vita hii haikuwa mapigano yaliyosindikizwa na wapagazi. Ilikuwa msafara mrefu wa wapagazi, na mara mojamoja watu wakapigana.

Idadi zenyewe zinasema. Upande wa Uingereza ulikusanya watu wapatao milioni moja kubeba mizigo katika vita hii. Takwimu rasmi zilikubali vifo vya wapagazi karibu 95,000, na wanahistoria wengi wanaamini ukweli ni mkubwa zaidi. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na maji machafu, baridi ya milimani, na unga. Ndiyo, unga. Watu waliozoea wali au ndizi walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa vibaya kwa haraka, matumbo yakakatika. Upande wa Wajerumani hakuna aliyetunza hesabu kamili ya wapagazi wao waliokufa. Hakuna aliyeona sababu.

Sasa aibu yangu. Mimi nilikuwa Lettow-Vorbeck, na nilikuwa nashinda. Nimevuka Ruvuma kama alivyovuka yeye Novemba 1917, nimeingia nchi ya Wareno, narudi juu tena. Kila nikifika wilaya, nachukua chakula chake, nachukua watu wake, natoka kabla adui hajafika. Ninapoacha wilaya nageuza kizibo juu chini kuonyesha kwamba haina kitu tena. Nusu ya ramani ilikuwa vizibo vilivyopinduliwa. Na mimi nilikuwa nimefurahi! Nilikuwa nafurahi kama mtoto aliyepewa shilingi. Nilimtambia mwenzangu. Mpaka nilipogeuza kizibo cha Dodoma, nikaona mkono wangu.

Kwao bibi ni Ugogo. Babu yake, baba mzaa baba, alichukuliwa 1917 kwenda kubeba mizigo. Alimwacha mtoto wa miaka mitano, ambaye alikuja kuwa baba yake bibi. Hakurudi. Hawakupelekewa salamu, wala nguo, wala mshahara. Ni upande gani uliomchukua bibi hajui, na anasema baba yake naye hakujua: walikuja watu wenye bunduki, wakafunga wanaume kamba, wakaondoka nao. Mtoto akapita kwenye Mtunya na mama yake, akabaki hai kwa mizizi na rehema za Mungu. Mimi hapa ninayeandika ni mjukuu wa bahati hiyo.

Na mimi ndiye niliyegeuza kizibo huku nikitamba.

Lettow-Vorbeck alijisalimisha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Machi 1919 alipita kwa gwaride chini ya lango la Brandenburg mjini Berlin, shujaa ambaye hakushindwa vitani. Hakushindwa, ndiyo. Ukiruhusiwa kulipa kwa fedha ya mtu mwingine, utashindwaje?

Tusiwasingizie wazungu peke yao

Hapa najua mtaanza kupiga makofi, "Wape, wape wazungu wao!" Ngojeni kwanza. Mmarekani akibuni mchezo unaoishia Misri, amechora vita anayoijua yeye. Mimi na wewe tumechora nini?

Kariakoo. Tunakwenda kununua simu, vitenge, vipuri, nyanya za jumla. Tunaambiana "tukutane Kariakoo" mara elfu. Jina lile ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, ambacho kambi yake ilikuwa pale baada ya Waingereza kuuteka mji Septemba 1916. Nairobi nao wana Kariokor yao, jina lilelile, asili ileile. Soko kubwa kuliko yote nchini lina jina la watu waliokufa wakibeba mizigo, na ndani yake mpaka leo vijana wanabeba mizigo mgongoni, na hakuna kati yetu anayeshtuka.

Nenda Posta, mtazame yule askari wa shaba aliyesimamishwa 1927. Ana bunduki, ana singe, ameelekea bandarini. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi, lakini nani anainama kusoma? Kinachoonekana ni bunduki. Nairobi walau sanamu yao ina watu watatu na mmoja wao ni mpagazi. Yetu ina mmoja, na mzigo hakupewa.

Na makaburi je? Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Tume ikaomba radhi. Waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Zaidi ya miaka mia moja! Na pengo kati ya 116,000 na 350,000 ni watu 234,000. Hebu fikirini: hesabu ya marehemu ina shaka ya watu laki mbili na thelathini na nne elfu. Kwenye maharage yetu hayo ni maharage 2,340. Kopo zima na zaidi, na hatujui kama lilikuwepo au halikuwepo.

Kwa hiyo mtu akiniambia mpagazi si muhimu kwenye ubao kwa sababu ni "mchezo tu", namjibu hivi: waliandika taarifa za kijeshi kwa uzito wote, na walifanya vilevile. Walivuta mstari.

Ninachodai

Sidai tuache kucheza. Wanaosema vita isichezwe kabisa kwa sababu watu walikufa, nawaheshimu, ila sikubaliani nao. Mimi nisingejua hesabu ya siku kumi na mbili na nusu kama nisingecheza. Mwalimu wangu wa historia, Mungu amrehemu, hakuwahi kunipa jambo lililoniuma kama lile kopo lilivyoniuma.

Ninachodai ni kidogo. Ukicheza vita, weka kwenye ubao kitu kilichoamua vita hiyo. Kama vita iliamuliwa na vifaru, weka vifaru. Kama iliamuliwa na mabega, weka mabega, hata kama yanachosha kuhamisha. Hasa kama yanachosha. Kule kuchoka ndiyo taarifa yenyewe. Mshikaji wangu alichoka baada ya Jumamosi tatu kuhamisha maharage juu ya kadibodi, akiwa kivulini, ana soda mkononi.

Na sisi tunaojua kusoma na kuandika, tunaojua kuchora na kupiga hesabu, tuache kulalamika kwamba ramani za wengine hazituonyeshi. Boksi la televisheni lipo. Maharage yapo. Kuna Maji Maji haijachorwa na sisi, kuna safari ya kikosi cha Wabelgiji na Wakongo mpaka Tabora Septemba 1916, nayo ilikuwa na wapagazi wake, na wajukuu wao wako Bukavu na Kigoma wanaongea Kiswahili hikihiki. Nani atawaweka kwenye ubao? Mbunifu wa Marekani?

Jumamosi ya nne tulimaliza. Nilishinda kwa alama, kama kanuni zetu zilivyoruhusu, kisha tukakubaliana kanuni hizo ni za kijinga. Tukaongeza moja: kila mwisho wa mchezo, kabla ya kutangaza mshindi, wote wawili mnahesabu bakuli kwa sauti. Harage kwa harage. Hakuna kukadiria, hakuna kusema "kama mia hivi". Tulifika 1,163. Ilituchukua karibu nusu saa, na mwalimu wa hesabu alipotea mara mbili akaanza upya.

Bibi alikuwa amekaa pembeni anachambua mchele. Tulipomaliza akauliza, "Hayo sasa mnayarudisha jikoni?"

Nikasema, "Ndiyo, bibi."

"Hapana, mjukuu wangu. Hayo yaacheni humohumo kwenye bakuli. Nitakupa pesa ukanunue mengine."

Bakuli liko juu ya kabati. Meza iko wazi Jumamosi, anayetaka kuja aje, ila ajue atahesabu.